Kuruti na Kurudisha Toleo la Nyuma katika Simu za Android, 2008–2022: Historia ya Mvutano kati ya Mmiliki na Mtengenezaji

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya matendo mawili yanayoambatana katika simu za Android: kuruti, yaani kujipatia mamlaka ya juu kabisa ndani ya mfumo wa simu, na kurudisha simu kwenye toleo la nyuma la mfumo huo. Kipindi kinachochunguzwa kinaanza Oktoba 2008, simu ya kwanza ya Android ilipoingia sokoni, na kinaishia Agosti 2022, Google ilipozuia baadhi ya simu zake zisirudi kwenye toleo lililotangulia. Hoja kuu ni kwamba kurudi nyuma kulianza kama njia ya kuruti na pia kama tiba ya simu iliyoharibika, na kwamba jitihada za watengenezaji za kuziba njia hiyo ziliigusa tiba pamoja na njia. Kwa hiyo, kosa ambalo mwaka 2008 liliweza kurekebishwa kwa kadi ya kumbukumbu na subira, kufikia mwaka 2018 liliweza kuiua simu moja kwa moja.

1.0 Utangulizi

Maandishi mengi kuhusu kuruti simu ni miongozo ya kiufundi. Humweleza msomaji faili la kupakua, vitufe vya kubonyeza na hatua za kufuata endapo simu itagoma kuwaka. Miongozo hiyo ina manufaa kwa fundi, lakini huchakaa upesi: mwongozo wa simu moja haufai kwa simu ya mwaka unaofuata, na mara nyingi haufai hata kwa simu ileile baada ya sasisho moja. Uchakavu huo ndio unaomvutia mwanahistoria. Kila mwongozo unaoacha kufanya kazi huashiria kwamba upande wa pili umefanya jambo fulani, na ukifuatwa mfululizo wa miongozo hiyo huonekana mwenendo wa mvutano wa miaka kumi na minne.

Swali linaloongoza insha hii ni hili: kwa nini kurudisha toleo la nyuma, kitendo kinachoonekana kuwa cha kawaida katika matengenezo ya kompyuta, kiligeuka kuwa miongoni mwa vitendo vya hatari zaidi kwa mmiliki wa simu? Jibu linatafutwa katika visa vya simu mahususi za HTC, Sony, Samsung, Xiaomi na Google, kwa kuwa katika visa hivyo mabadiliko ya kiufundi yanaonekana waziwazi.

2.0 Ufafanuzi wa Istilahi na Utaratibu

Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, nacho kimerithi mapokeo ya Unix. Katika mapokeo hayo yupo mtumiaji mmoja mwenye mamlaka juu ya kila faili na kila kifaa, naye huitwa ruti. Mtu anayenunua simu ya Android hapewi mamlaka hayo. Kila programu anayoiweka hupewa utambulisho wake na kufungiwa katika eneo lake, isiweze kusoma data za programu nyingine wala kugusa mafaili ya mfumo. Kuruti ni kuuvuka mpaka huo.

Simu inapowashwa, kitu cha kwanza kufanya kazi ni programu ya uwashaji. Hiyo ndiyo inayoamua ni kiini kipi na ni mfumo upi upakiwe. Ikiwa imefungwa, hukubali mfumo wenye saini ya kidijitali ya mtengenezaji pekee. Ikiwa imefunguliwa, hukubali mfumo wowote. Pembeni yake ipo programu ya urejeshaji, ambayo huweka masasisho na kufuta data simu inapohitaji kuanza upya. Kitendo cha kuandika mfumo mzima upya katika hifadhi ya simu ndicho ambacho mafundi wa Afrika Mashariki hukiita kuflashi.

Kurudisha toleo la nyuma, basi, ni kuflashi simu kwa mfumo wa zamani kuliko uliomo. Jambo moja linahitaji kusisitizwa hapa, kwa kuwa ndilo msingi wa hoja ya insha. Mfumo wa zamani uliotolewa na mtengenezaji una saini halali. Programu ya uwashaji inayokagua saini peke yake haina sababu ya kuukataa, kwa kuwa saini hueleza nani aliutengeneza mfumo, haielezi iwapo mfumo huo bado unafaa. Ndani ya pengo hilo ndimo historia inayosimuliwa hapa ilimopita.

3.0 HTC Dream na Kuzaliwa kwa Njia ya Kurudi, 2008

Simu ya kwanza ya Android ilitengenezwa na HTC ya Taiwani. Ilijulikana kama HTC Dream, na nchini Marekani iliuzwa kwa jina la T-Mobile G1 kuanzia Oktoba 2008. Mwanzoni mwa Novemba ya mwaka huo watumiaji waligundua jambo la ajabu. Kila herufi iliyobonyezwa kwenye kibodi ya simu, pamoja na kuonekana katika ujumbe au mahali pengine ilipokusudiwa, ilipelekwa pia kwa siri katika dirisha la amri lililokuwa likifanya kazi kwa mamlaka ya ruti. Mtu aliyeandika neno “reboot” na kubonyeza kitufe cha kuingiza aliiona simu yake ikizima na kuwaka upya, hata kama alikuwa akimwandikia rafiki yake ujumbe tu.

Kasoro hiyo ilikuwa mabaki ya kazi ya waundaji wa mfumo, waliosahau kulifunga dirisha hilo kabla ya simu kwenda sokoni. Kwa watumiaji ilikuwa mlango. Kwa kuandika “telnetd” waliwasha huduma ya kupokea amri kutoka nje, kisha wakaunganisha programu ya terminali na kupata mamlaka kamili. Hakukuwa na haja ya ustadi wa kuvunja usimbaji wala kifaa maalumu.

Google ilitoa kiraka haraka. Nchini Marekani toleo lenye kasoro lilijulikana kama RC29, na lililozibwa kama RC30. Masasisho yalifika kwa njia ya hewa, hivyo simu nyingi zilizibwa kabla wamiliki wao hawajasikia habari za mlango huo. Hapo ndipo kurudi nyuma kulipopata maana mpya. Programu ya uwashaji ya HTC Dream ilikuwa na njia ya dharura ya kuweka mfumo kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu. Kadi iliyoandaliwa kwa mpangilio wa FAT32 iliwekewa faili liitwalo DREAIMG.NBH, simu ikazimwa, kisha ikawashwa kwa kushikilia kitufe cha kamera na cha kuwashia kwa pamoja. Skrini yenye rangi mbalimbali ilijitokeza, na kwa kubonyeza tena kitufe cha kuwashia simu ilijiandika upya kwa RC29, ikafuta data zote za mtumiaji, na mlango ukawa wazi kama awali.

Njia hii ilikuwepo kwa ajili ya matengenezo. Mafaili ya aina hiyo yalikuwa na saini halali ya HTC, na kusudi lake lilikuwa kufufua simu iliyoshindwa kuwaka. Watumiaji hawakuvunja kufuli lolote hapa. Walitumia zana ya fundi kwa lengo ambalo mtengenezaji hakulikusudia. Tangu mwanzo, kwa hiyo, tiba na mlango vilikuwa kitu kimoja, na mtengenezaji hangeweza kukizuia kimoja bila kukigusa kingine.

Inafaa kutajwa kwamba Google yenyewe haikuwa na msimamo mmoja. Mwezi Desemba 2008 iliwauzia watayarishaji wa programu waliojisajili simu ya Android Dev Phone 1 kwa dola 399. Ilikuwa HTC Dream ileile ikiwa na programu ya uwashaji iliyofunguliwa. Mwezi Januari 2010 ilitoa Nexus One, ambayo mmiliki yeyote aliweza kuifungua kwa amri moja kutoka kwenye kompyuta, baada ya kusoma onyo kuhusu dhamana. Kulikuwa na njia halali ya kuingia kwa waliojua simu ya kununua. Simu nyingi zilizouzwa na kampuni za mitandao hazikuwa na njia hiyo.

4.0 Namba ya Toleo Yaanza Kuhesabiwa, 2009–2011

Hatua iliyofuata ya HTC ilikuwa kuifanya programu ya uwashaji iangalie umri wa mfumo pamoja na saini. Katika simu zake kadhaa za 2009 na 2010, mtumiaji aliyejaribu kuweka mfumo wa zamani alikutana na ujumbe unaoeleza kwamba toleo kuu ni la zamani na kwamba sasisho limeshindikana. Kwa mara ya kwanza saini halali haikutosha.

Ulinzi huo ulikuwa na udhaifu wa kimsingi: namba ya toleo ambayo programu ya uwashaji iliilinganisha iliandikwa katika sehemu ya hifadhi iliyoweza kuandikwa upya. Aliyepata mamlaka ya ruti, hata kwa dakika chache tu, aliweza kuifuta namba hiyo na kuandika nyingine ndogo. Katika simu za Desire HD na Desire Z mpangilio wa kazi ulikuwa huu: kwanza kutumia udhaifu uliotoa mamlaka ya muda, ambayo yangepotea simu ikizimwa; pili kubadili namba ya toleo; tatu kurudisha mfumo wa zamani; na mwisho kutumia udhaifu wa mfumo huo wa zamani kujipatia mamlaka ya kudumu.

Mpangilio huu unaeleza kwa nini utatuzi wa matatizo ulikuwa mgumu kwa asiyeelewa sababu za kila hatua. Aliyeiwasha upya simu kati ya hatua ya kwanza na ya pili alipoteza mamlaka na kuona kana kwamba maelekezo ni ya uongo. Aliyesahau kubadili namba alirudishiwa ujumbe uleule wa kukataliwa. Aliyetumia mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya kampuni nyingine ya mtandao alikataliwa kwa sababu tofauti kabisa, kwani simu ilikagua pia utambulisho wa muuzaji, nayo ilihitaji kadi ya kumbukumbu iliyoandaliwa kwa namna ya pekee ambayo watumiaji waliiita kadi ya dhahabu. Vikwazo vitatu, yaani saini, umri na muuzaji, vilimjia mtumiaji vikifanana sura ingawa chanzo cha kila kimoja kilikuwa chake.

Mwezi Mei 2011 mkuu wa HTC, Peter Chou, alitangaza kwamba kampuni haitafunga tena programu za uwashaji za simu zake, na baadaye mwaka huo ikaanzishwa huduma rasmi ya kuzifungua. Tangazo hilo lilikuja baada ya malalamiko ya wateja, nalo linaonyesha kwamba katika miaka hiyo mwelekeo wa mambo ulikuwa bado haujaamuliwa.

5.0 Hoja ya Usalama na Hoja ya Haki

Mtengenezaji hakuwa na sababu za kibiashara peke yake. Mwaka 2010 ulijulikana udhaifu ulioitwa RageAgainstTheCage. Huduma inayoiunganisha simu na kompyuta ilianza kazi kwa mamlaka ya ruti, kisha ikajishusha hadi ngazi ya mtumiaji wa kawaida. Kiini cha Linux kilikataa ombi hilo la kujishusha endapo mtumiaji wa kawaida alikuwa amefikia kikomo cha idadi ya michakato. Huduma hiyo haikukagua kama ombi lake limekubaliwa. Ilitosha, basi, kuijaza simu michakato mpaka kikomo kifikiwe, na huduma ikabaki na mamlaka ya ruti bila kujua.

Kwa mmiliki aliyetaka kuruti, huo ulikuwa ufunguo. Mwezi Machi 2011 ilidhihirika kwamba ulikuwa ufunguo wa wezi pia. Zaidi ya programu 50 zilizobeba programu hasidi iliyoitwa DroidDream zilikutwa katika soko rasmi la Android, zikitumia udhaifu huohuo kuruti simu za watu bila wao kujua. Google iliziondoa sokoni na kuzifuta kutoka mbali katika simu zilizoathirika. Toleo la 2.3 la Android lilikuwa tayari limeziba mwanya huo, lakini simu nyingi zilikuwa bado kwenye matoleo ya nyuma. Kisa hicho kinatoa hoja nzito kwa upande wa watengenezaji: simu iliyorudishwa nyuma hurudi pamoja na mianya yake yote, na mwanya haumtambui mwenye simu na mwizi.

Kwa upande wa pili kulikuwa na hoja ya haki. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu hakimiliki katika zama za kidijitali inakataza kukwepa vizuizi vya kiteknolojia vinavyolinda kazi zenye hakimiliki. Mwezi Julai 2010 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa msamaha ulioruhusu wenye simu kukwepa vizuizi hivyo ili waweke programu walizozipata kihalali. Msamaha huo ulitolewa upya mwaka 2012 kwa simu, ukaviacha vishikwambi nje, na mwaka 2015 vishikwambi navyo vikaingizwa.

Uzito wa msamaha huo unapaswa kupimwa kwa makini. Ulimwondolea mmiliki kosa la kisheria, lakini haukumlazimisha mtengenezaji kuacha mlango wazi. Mmiliki aliruhusiwa kujaribu. Mtengenezaji aliruhusiwa kujenga ukuta mrefu zaidi. Ndiyo maana katika miaka iliyofuata suala hili halikuamuliwa na mahakama wala na bunge. Liliamuliwa ndani ya vipande vya silikoni.

6.0 Gharama Yaingizwa Ndani ya Simu, 2013–2015

Mwaka 2013 Samsung iliingiza katika simu zake, ikiwemo Galaxy Note 3, alama ya Knox. Ni fyuzi ya kielektroniki ndani ya saketi, ambayo huungua mara moja tu. Simu ikiwashwa kwa mfumo usio na saini ya Samsung, alama hubadilika kutoka sifuri kwenda moja, na hakuna programu inayoweza kuirudisha. Tangu hapo simu haiwezi tena kutumia hifadhi salama ya Knox. Programu mpya za uwashaji zilizokuja na Knox zilikataa pia kurudishwa nyuma. Aliyejaribu kuziweka za zamani kwa kutumia Odin, programu ya kuflashia simu za Samsung, alikataliwa.

Kwa upande wa historia, fyuzi hii inaashiria badiliko la aina. Hadi hapo kila alama aliyoiacha mtumiaji iliweza kufutwa, kwa kuwa iliandikwa mahali panapoandikika. Fyuzi haiandikiki upya. Simu ilipata kumbukumbu ambayo mwenyewe hawezi kuigusa.

Sony ilikuwa na gharama ya namna nyingine. Katika simu zake za Xperia, kufungua programu ya uwashaji kulifuta funguo maalumu zilizotunzwa katika sehemu ya hifadhi iitwayo TA, na zikifutwa, baadhi ya huduma za Sony, zikiwemo za kuboresha picha za kamera, ziliacha kufanya kazi. Funguo hizo zilikuwa za simu moja moja, hivyo hazikuweza kuazimwa kutoka simu nyingine. Njia pekee ya kuziokoa ilikuwa kuzinakili kabla ya kufungua, na kunakili kulihitaji ruti. Mmiliki wa Xperia Z3 mwanzoni mwa mwaka 2015 alilazimika kuirudisha simu kwenye toleo la zamani lenye udhaifu unaojulikana, kuiruti kwa udhaifu huo, kunakili sehemu ya TA, na ndipo afungue. Mtumiaji huyu alirudi nyuma ili kuhifadhi kile ambacho mtengenezaji alikuwa amempa. Kisa chake kinapinga dhana kwamba kila aliyerudi nyuma alikuwa na nia ya kukwepa.

Hasara nyingine ya kipindi hiki ilikuwa kupotea kwa namba ya IMEI. Katika simu za Samsung taarifa za namba hiyo hutegemea sehemu ya hifadhi iitwayo EFS. Kuflashi kulikokosewa kuliweza kuiharibu, na simu ikawaka vizuri bila kuweza kushika mtandao. Fundi mzoefu alinakili sehemu hiyo kwanza kabla ya jambo jingine lolote. Katika Afrika Mashariki jambo hili lilipata uzito wa kisheria. Kenya ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania ikafanya hivyo Juni 2016, na katika nchi zote mbili IMEI ndiyo iliyotumika kutenganisha simu halisi na bandia. Simu halali iliyopoteza namba yake kwa ajali ya kuflashi ilikosa kitambulisho ambacho kingeithibitisha.

7.0 Kurudi Kwazuiwa kwa Maunzi, 2016–2022

Toleo la 7.0 la Android, lililotolewa mwaka 2016, lilileta ukaguzi mkali wa mfumo wakati wa kuwaka, kiasi kwamba simu iliyofungwa ambayo mfumo wake umeguswa ingeweza kukataa kuwaka. Katika toleo hilohilo funguo za usimbaji wa data zilianza kufungamanishwa na toleo la mfumo na tarehe ya kiraka cha usalama. Matokeo yake ni kwamba mfumo wa zamani haukuweza kufungua data zilizofungwa na mfumo mpya. Aliyerudi nyuma bila kufuta data alikutana na simu inayozunguka kwenye nembo bila kumaliza kuwaka, au inayokataa nywila sahihi. Mwaka 2017 toleo la 8.0 liliambatana na utaratibu mpya wa ukaguzi wenye kinga rasmi dhidi ya kurudi nyuma: kila mfumo hubeba namba, simu hutunza namba kubwa iliyowahi kuiona mahali palipolindwa, na mfumo wenye namba ndogo kuliko hiyo hukataliwa.

Ukali wa mabadiliko haya ulionekana mwaka 2018 katika simu za Xiaomi, hasa Redmi Note 5 Pro. Kampuni ilianza kutumia kinga hiyo kwa njia ya fyuzi. Mmiliki aliyerudisha toleo lenye namba ndogo kuliko ile iliyochomwa ndani ya simu yake hakupata ujumbe wa kukataliwa. Mfumo uliandikwa, simu ikazima, isiwake tena. Kilichobaki kilikuwa hali ya dharura ya kichakato cha Qualcomm, ambayo kwa simu hizo ilihitaji akaunti iliyoidhinishwa na Xiaomi. Mmiliki wa kawaida hakuwa nayo. Tofauti na HTC ya mwaka 2010 ni kubwa: ile ilimwambia mtumiaji kwamba amekosea na kumwacha na simu nzima, hii ilimwadhibu kabla ya kumweleza.

Mwaka huohuo Huawei ilitangaza kusitisha utoaji wa namba za kufungulia programu za uwashaji. LG, baada ya kufunga biashara yake ya simu, ilifunga huduma yake ya kufungulia mwishoni mwa mwaka 2021. Wamiliki ambao hawakuwa wamefungua simu zao kufikia tarehe hizo walipoteza nafasi rasmi ya kufanya hivyo, ingawa simu zilikuwa mali yao kama jana yake.

Kisa cha mwisho ni cha Google yenyewe. Mwezi Agosti 2022, ilipotoa Android 13, ilitangaza kwamba simu za Pixel 6, Pixel 6 Pro na Pixel 6a zikishasasishwa hazitaweza kurudi Android 12, kwa kuwa sasisho limeziba udhaifu katika programu ya uwashaji na kuongeza namba ya kinga. Simu hizo zina nafasi mbili za mfumo, ili moja isasishwe nyingine ikiendelea kutumika. Ikitokea nafasi ya pili imebaki na programu ya uwashaji ya zamani, na simu ikalazimika kuiangukia baada ya hitilafu, simu isingewaka. Tahadhari iliyopendekezwa kwa waliokuwa wakiflashi kwa mikono ilikuwa kuweka programu mpya ya uwashaji katika nafasi zote mbili. Nafasi ya pili ilibuniwa iwe akiba wakati wa matatizo. Kwa kinga hii, akiba isiyosasishwa iligeuka kuwa chanzo cha tatizo.

8.0 Mabadiliko katika Utambuzi wa Hitilafu

Visa hivi vikitazamwa pamoja, vinaonyesha kwamba swali la kwanza la fundi lilibadilika mara mbili. Mwaka 2008 aliuliza: simu hii ina toleo gani? Jibu likiwa RC30, dawa ilikuwa RC29. Mwaka 2011 aliuliza: namba ya toleo imeandikwa wapi, na inaweza kubadilishwa? Kufikia mwaka 2018 aliuliza: fyuzi imefika namba ngapi, na faili nililonalo lina namba ngapi? Swali la kwanza lilimtaka fundi ajue mfumo, la pili ajue hifadhi, la tatu ajue kilichochomwa ndani ya kichakato kabla hajagusa chochote.

Badiliko hilo lilihamisha pia wakati wa utatuzi. Katika miaka ya mwanzo hitilafu ilitatuliwa baada ya kutokea: simu ikikwama kwenye nembo, data zilifutwa au mfumo wa kiwandani ukarudishwa. Katika miaka ya mwisho utatuzi ulipaswa kufanyika kabla, kwa kusoma namba, kunakili sehemu muhimu na kuthibitisha faili, kwa kuwa baada ya kosa hakukuwa na pa kurudi. Waswahili husema kinga ni bora kuliko tiba; katika simu hizi kinga ilibaki peke yake, tiba ikiwa imehamia mikononi mwa wenye idhini.

9.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba kurudisha toleo la nyuma kulikuwa tangu mwaka 2008 kitendo chenye sura mbili: kilifufua simu iliyoharibika na kilifungua simu iliyofungwa. Watengenezaji walipotaka kuzuia sura ya pili, walianza na saini, wakaenda kwenye namba zinazoandikika, kisha kwenye fyuzi zisizoandikika. Kila hatua ilikuwa na sababu ya kweli ya kiusalama, kama kisa cha DroidDream kinavyothibitisha. Kila hatua pia ilipunguza uwezo wa mmiliki wa kurekebisha kosa, liwe lake au la sasisho alilolipokea kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe.

Haitoshi, kwa hiyo, kuieleza historia hii kama ushindi wa usalama dhidi ya ukaidi wa watumiaji, wala kama unyang’anyi mtupu wa haki za wamiliki. Visa vya HTC na Xiaomi vinaonyesha kwamba kinga ileile inaweza kujengwa kwa namna mbili: ya kumkatalia mtumiaji ikamwacha na simu yake, au ya kumwacha aendelee mpaka aipoteze. Chaguo kati ya hizo halikulazimishwa na mahitaji ya usalama, kwa kuwa zote mbili zinauzuia mfumo wa zamani usifanye kazi. Lilikuwa chaguo kuhusu nani abebe gharama ya kosa, na katika kipindi kilichochunguzwa gharama hiyo ilihama hatua kwa hatua kutoka kwa mtengenezaji kwenda kwa aliyeinunua simu.